Kanyaga Kulia

Kila mkija hapa Embu kunisalimia, swali la kwanza huwa ni kama niliwahi kuanguka na ndege. Sikuwahi. Niliwahi kuingia shambani mara moja, na mwanafunzi wangu akaingia mara moja, lakini ndege zote mbili zilikuwa zimeshatua. Hiyo inaitwa kuendesha vibaya.

Najua mnavunjika moyo. Mngependa nisimulie mawingu na radi. Nimefundisha urubani miaka ishirini na sita, na mawingu hayakunipa mvi hata moja. Mvi hizi zimetoka kwenye mita mia tatu za changarawe, pale magurudumu yameshagusa chini na mwanafunzi anaanza kufikiria atampigia nani simu kwanza.

Basi shikeni hili kabla chai haijapoa. Ndege ikigusa ardhi haijawa gari. Bado ina mabawa, na upepo haujaambiwa kwamba wewe umefika. Mbele yako kuna kitu kama usukani wa gari uliokatwa nusu. Ukiwa angani, kitu hicho kinainamisha mabawa. Ukiwa chini, hakigeuzi gurudumu lolote. Chini tunaongoza kwa miguu. Pedali ni mbili: ya kulia inapeleka pua kulia, ya kushoto inapeleka pua kushoto, na ncha zake za juu ndizo breki. Pawa ya injini iko mkononi. Ni kifundo cheusi kilicho karibu na mkono wako wa kulia; ukikisukuma ndani injini inanguruma, ukikivuta inatulia. Mtoto wa darasa la nne anaelewa hayo kwa dakika tano. Ni kwa sababu mtoto wa darasa la nne hajawahi kuendesha gari.

Mimi nilikuwa nimeendesha trekta ya mjomba. Mwalimu wangu, Kapteni Njeru, alikuwa mtu wa kwetu, wa Runyenjes, mfupi, mwenye koti moja. Siku ile niliyotua vizuri kwa mara ya kwanza, ndege ikaanza kwenda kushoto, nami nikazungusha usukani kulia kama mtu anayekwepa shimo. Ndege ikaendelea kushoto. Nikazungusha zaidi. Tukavuka majani, tukaingia kwenye shamba la mahindi la watu, tukasimama tukitazamana na ng'ombe aliyefungwa kamba.

Kapteni Njeru alizima injini. Kisha akaniuliza kwa Kiembu, kwa upole kabisa, "Huyo ng'ombe mnajuana?"

Kesho yake alinivua viatu. Akaniambia nikalie mikono yangu.

"Nitaendeshaje, Kapteni?"

"Kwa hiyo miguu uliyokuja nayo."

Wiki nzima nilizunguka uwanjani bila kuruka, mikono chini ya mapaja, vidole vya miguu wazi. Wafagiaji walidhani nimefungwa pingu. Mmoja alinisogelea dirishani akaniuliza kama nina wakili. Lakini wiki ilipoisha miguu yangu ilikuwa imepata akili yake yenyewe, na mpaka leo nikikaa kanisani na padri akaanza kusogea upande mmoja wa madhabahu, unyayo wangu unajibu.

Njeru alikuwa na fundisho jingine, nalo nawapa bure. Baada ya kutua, tazama mwisho wa njia, mbali kabisa. Anayetazama pua ya ndege ni kama anayelima huku akitazama jembe. Mstari utapinda, na atakayeona ni jirani.

Uwanja tuliofundishia uko upande wa chini wa Meru. Kahawa ya Githongo umeshaiacha juu kwenye baridi, na huku chini migomba na tikitimaji vimeanza, na jua halina mzaha. Njia yetu ya changarawe inaelekea kaskazini. Kushoto kwake kuna mtaro, halafu seng'enge, halafu shamba la migomba la Mzee M'Ikiugu, mzee wa kanisa. Upande wa kushoto pia, mbali, ndiko mlima uliko.

Tulikuwa na soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo unatoka wapi. Iliibwa mara mbili. Mara ya pili, fundi wetu alienda Nchiru kumtembelea mpwa wake anayesoma chuo kikuu, akaikuta kwenye hosteli, imekuwa mfuko wa nguo chafu. Mwenye mfuko alikuwa ameushona upya. Fundi alikiri kwamba ulikuwa umeshonwa vizuri kuliko tulivyoushona sisi, kwa hiyo aliuacha. Tukatundika gunia la mbolea.

Siku hizi wanafunzi hunionyesha upepo kwenye simu. Naitazama kwa heshima. Simu inasoma upepo wa Meru mjini, mahali ambapo hakuna anayetua. Mimi nilitazama majani ya mgomba. Yakilala kimya, upepo hauna habari nawe. Yakigeuka na kuonyesha tumbo lake jeupe, kaza miguu. Asubuhi hewa ya baridi hushuka kutoka mlimani, na kufikia saa nne joto la huku chini huanza kuisukuma irudi. Katikati ya hapo kuna muda upepo unapokuwa kama kamati: umekutana, haujaamua, na unaweza kuamua wakati wowote.

Sasa niwaeleze kuhusu Kaberia, maana ndiye mliyemjia.

Alitoka Kangeta akiwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa ameendesha pikapu ya miraa miaka sita. Miraa ikishachumwa, haisubiri mtu. Ikinyauka njiani, umebeba majani ya mbuzi. Pale sokoni pikapu ikishajaa, mpakiaji hupiga bodi mara mbili na kusema "Kanyaga!" na hayo ndiyo mazungumzo yote mpaka Nairobi. Mama yake hakulala siku za safari. Kaberia aliniambia siku ya kwanza, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba walianza kazi hiyo vijana watano kutoka kijiji kimoja. Amebaki yeye na mwingine aliyekatwa mguu.

"Na ukaona ndege ndiyo salama?" nikamuuliza.

"Madam, huko juu hakuna lori linarudi kinyumenyume."



Alikuwa mwanafunzi mwema na dereva mbaya. Namaanisha alikuwa dereva hodari sana, na udereva wake ulikuwa ugonjwa wake. Angani alikuwa mtulivu kama maziwa yaliyogandishwa. Chini mikono yake ilitafuta usukani na mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi. Nilimfanyia kama nilivyofanyiwa. Nilimkalisha juu ya mikono yake. Alizunguka uwanja mzima huku watoto wa Mzee M'Ikiugu wakimshangilia kutoka kwenye seng'enge.

Ikiwa ndege inakwenda kushoto na mguu wake umelala, nilikuwa sisemi kitu. Niligonga goti lake la kulia kwa vidole viwili. Goti lilielewa. Tulifanya hivyo miezi mitatu, goti na vidole, mpaka akanyooka. Wakati huo sikuona kosa katika njia hiyo, na niliisifu hata mbele ya walimu wengine. Kosa ni kwamba siku ya kuruka peke yake, mwalimu hubaki chini. Vidole vyangu vilibaki nami.

Ilikuwa saa tatu na kitu asubuhi. Alitakiwa kuruka, kuzunguka na kutua mara tatu. Mimi nilisimama kando ya njia na redio ya mkono. Pembeni yangu alikuwa Kirimi, fundi wetu, huyo wa soksi ya upepo, Mmeru wa Imenti ambaye kwa miaka kumi na minane hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Muembu.

Kutua kwa kwanza kulikuwa kuzuri. Kwa pili kulikuwa kuzuri zaidi. Kirimi akasema, "Muembu, huyu wako ataoa kwa hiyo ndege."

Mara ya tatu alipokuwa anakuja, niliona majani ya migomba yakigeuka, yote kwa pamoja, kama watu wanaoitikia wimbo. Upepo ulikuwa umetoka kushoto, mlimani. Upepo wa kushoto husukuma mkia na kuivuta pua iutazame. Dawa yake ni mguu wa kulia, mapema na bila wasiwasi.

Aligusa chini vizuri. Nasema hivyo kwa sababu hata ripoti ya baadaye ilisema hivyo. Magurudumu ya nyuma, kisha la mbele. Halafu pua ikaanza kwenda kushoto, pole pole, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli upande ule.

Sheria ni kwamba kwenye redio tunazungumza Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni maneno machache yaliyochaguliwa ili yasichanganye mtu. Niliyafundisha maneno hayo miaka ishirini na sita. Wakati ule hakuna hata moja lililokuja. Nilibonyeza redio nikapiga kelele:

"Kanyaga kulia! Kanyaga kulia!"

Injini ikanguruma.

Nikadhani hakusikia. "Kanyaga! Kaberia, kanyaga!"

Ikanguruma zaidi. Na mjue ndege zile zenye propela moja, ukizitia pawa yote ghafla, pua yenyewe huvutwa kushoto. Kwa hiyo kila nilipopiga kelele alikwenda kushoto zaidi, na kila alipokwenda kushoto nami, kwa kuwa ni mwalimu mzoefu, nikaongeza sauti.

Akavuka mtaro. Akapita kwenye seng'enge, ambayo iliimba kama nyuzi za gitaa. Akaingia kwa Mzee M'Ikiugu. Migomba haina ugomvi na mtu; ilianguka mmoja baada ya mwingine mbele yake, kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ukamsimamisha. Propela ilikata mikungu miwili, halafu ikakwama. Kukawa kimya.

Mimi na Kirimi tulikimbia. Yeye alibeba kizima moto. Mimi nilibeba redio, na nilipofika nilikuwa bado nimeibonyeza, kwa hiyo kila mwenye redio kwa kilomita nyingi alinisikia nikihema.

Mzee M'Ikiugu alikuwa ameshafika kabla yetu. Alikuwa amevua kofia.

"Kuna mtu ndani?"

"Yuko," nikasema.

"Yuko hai?"

Kutoka ndani Kaberia akasema, "Niko, Mzee."

"Basi tuombe."

Kirimi alikuwa ameshalala chini ya injini akitafuta kama mafuta yanavuja. "Mzee, niache kwanza nifunge mafuta."

"Funga tukiomba. Murungu hazuiwi na spana."

Ikawa hivyo. Aliwaombea wasafiri wote, wa barabara na wa hewa. Aliwaombea viongozi. Aliomba mvua, akakumbuka kwamba mahindi ya juu yanahitaji jua, akarekebisha ombi. Mlango wa ndege ulikuwa umezuiwa na mgomba, kwa hiyo Kaberia alisema amina akiwa ndani, mikono yote miwili juu ya ule usukani uliokatwa nusu. Tulipouondoa mgomba, alitoka taratibu akasimama mbele yangu. Alikuwa na utomvu wa migomba shingoni. Hakuwa na jeraha.

"Umeumia popote?"

"Hapana, Madam."

"Kwa nini uliongeza pawa?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa, akaitika, halafu akaulizwa amekuja kufanya nini.

"Si ulisema nikanyage?"

"Nilisema kanyaga kulia."

"Eeh. Kulia." Akageuka akanyoosha kidole ndani ya ndege. Kile kifundo cheusi kilikuwa kimezama mpaka mwisho. Kilikuwa kulia kwake. "Nilikanyaga yote, Madam. Mpaka ikaisha."

Kirimi alikohoa akaenda kutazama gurudumu ambalo halikuwa na tatizo.

Ripoti niliiandika mchana huo huo. Mkurugenzi wa shule aliitaka kabla ya jioni, kwa sababu mkaguzi wa usalama wa ndege angekuja kutoka Nairobi wiki hiyo. Niliandika kwamba mwanafunzi alitua vizuri. Kwamba upepo wa pembeni uliigeuza ndege. Kwamba mwalimu alimwagiza kwa redio arekebishe mwelekeo. Kwamba badala yake mwanafunzi aliongeza pawa mpaka mwisho na kutoka nje ya njia. Niliisoma mara tatu nikitafuta uongo. Hakukuwa na uongo wowote. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Mkurugenzi aliipenda. "Iko safi," alisema. "Kijana hana akili ya ndege. Tutamwachia njia aende."

Kuachiwa njia maana yake ni kwamba jina lako linapelekwa na alama, na hakuna shule nyingine itakayokupokea. Kaberia angerudi Kangeta. Pikapu ilikuwa inamsubiri. Mimi nilijua, naye alijua, hesabu ya wale vijana watano ilikuwa imebakiza nini.

Upande wangu nilikuwa na miezi kumi na moja nistaafu. Sikuwa na ajali hata moja kwenye jina langu. Mwalimu anayemwongoza mwanafunzi kwa redio kwa lugha ambayo hairuhusiwi, na kwa neno lenye maana mbili, ananyang'anywa kibali cha kufundisha. Sheria hiyo niliwasomea wengine mara nyingi kwa sauti nzuri.

Nilimkuta Kaberia bwenini. Alikuwa amefua shati lake jeupe la shule, amelipiga pasi, amelikunja, ameliweka juu ya vitabu vya kurudisha.

"Hujaambiwa uondoke," nikamwambia.

"Nimeona uso wa mkurugenzi, Madam."

"Mkaguzi akikuuliza utasema nini?"

"Nitasema nilisukuma. Mkono ni wangu. Wewe hukuwa kwenye ndege."

"Kuhusu redio?"

Alifikiri. "Redio ilikuwa na kelele," alisema. Kisha akaona nimekunja uso, akaongeza, "Madam, wewe umebakisha mwaka mmoja tu. Mimi barabara naijua."

Vijana, mtu akikutolea zawadi kama hiyo, usiipokee ukiwa umesimama. Nilitoka nje nikaenda kwenye banda la ndege nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kirimi alikuwa anaondoa nyuzi za mgomba kwenye propela kwa kisu kidogo.

"Kirimi, ulisikia redio?"

"Nilikuwa kando yako, Muembu. Hata bila redio ningesikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia kanyaga." Aliendelea kukwangua. "Nikatazama nyuma kama kuna pikapu ya miraa."

Sikucheka. Naye hakucheka. Akafuta kisu kwenye suruali akasema, "Ripoti inaandikwa na mwalimu. Mimi ni wa spana." Akanigeuzia mgongo, na mgongo wake ulisema mengi kuliko alivyosema yeye.

Niliichana ripoti ile ya kwanza. Ya pili niliiandika kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, isipokuwa maneno mawili, "kanyaga kulia", niliyoyaacha kama yalivyotoka kinywani mwangu, na chini yake nikaeleza kwamba mwanafunzi alitii agizo la mwalimu kama alivyolielewa, haraka na kikamilifu. Mkurugenzi aliposoma aliniuliza kama nimepata malaria.

Mkaguzi alikuja na gari la ofisi na dereva. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi pande zote. Alipima alama za magurudumu. Aliongea na Mzee M'Ikiugu, ambaye alimwombea. Kisha tukakaa ofisini: yeye, mkurugenzi, mimi, na Kaberia kwenye kiti cha mlangoni, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama," aliniambia, "nimesoma maelezo yako yote. Lakini hebu tuwe waangalifu na maneno. Kukanyaga ni kuweka mguu juu ya kitu ukakikandamiza. Kijana huyu alitumia mkono. Basi agizo lako lilikuwa sahihi, ila lugha tu ndiyo hairuhusiwi, na hilo ni jambo dogo. Kosa la kuongeza pawa linabaki kuwa lake."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali, kwa furaha. Nilielewa kwamba binti huyu alikuwa ananifungulia mlango. Umri wangu ulikuwa sawa na wa mama yake, na alikuwa amelelewa vizuri. Ningesema ahsante, ningetoka nao.

"Binti yangu," nikasema, "dereva wako yuko wapi?"

"Yuko nje. Kwa nini?"

"Muite umuulize yeye."

Dereva aliingia akitafuna. Mzee M'Ikiugu alikuwa amempa ndizi. Nadhani zilitoka kwenye ile mikungu miwili. Akasimama wima.

"Dereva," mkaguzi akamwambia, "nikikuambia kanyaga, wewe utafanya nini?"

Alimeza haraka. "Tumechelewa, Madam?"

"Hatujachelewa. Nakuuliza tu. Nimesema kanyaga."

"Nitaongeza mwendo. Lakini Madam, wewe huniambiaga nipunguze."

Mkaguzi aliweka kalamu mezani. "Na nikisema, kanyaga kulia?"

"Si hiyo ndiyo mafuta? Kushoto ni klachi." Alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayepumua. "Nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri. Nenda umalize ndizi."

Alipotoka, mkaguzi alikaa akitazama yale maneno mawili kwenye ripoti yangu. Kisha akamgeukia Kaberia.

"Ulipomsikia mwalimu akisema kanyaga, uliona ndege inakwenda kubaya?"

"Niliona."

"Kwa nini hukuacha?"

Kaberia alisimama, kwa adabu. "Alikuwa anaongeza sauti," alisema. "Nikajua bado haijatosha."

Mkurugenzi akafunga macho. Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, na sikuweza kusoma kichwa chini miguu juu ingawa nilijaribu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili. Kaberia aliruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba arudie masaa kumi ya kutua na mwalimu mwingine. Kwangu kibali kilichukuliwa. Niliambiwa naweza kuomba mtihani upya mwaka unaofuata, mwaka ambao tayari nilikuwa nimepanga kupanda makadamia. Nikafungasha vitu vyangu kwenye katoni moja. Sikutoa hotuba. Kirimi alinipa mkono, akaniita kwa jina langu, Wawira, na nikajua kweli nimefukuzwa.

Msiandike kwamba nilikuwa shujaa. Niliandika ripoti mbili, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa na mwandiko mzuri. Na neno lile lilikuwa kosa langu kabla halijawa la Kaberia. Miezi mitatu nilizungumza na goti lake, sikumpa neno la kushika nisipokuwepo. Mkianza kufundisha wenzenu, kazi yoyote, hata ya kuoka mkate, waulizeni mapema: nikisema hivi, wewe unasikia nini? Mtashangaa. Mwalimu aliyenirithi anafanya hivyo sasa. Ana daftari. Ameshapata maneno tisa yanayomaanisha kitu kingine kwa mtu wa Igembe, kwa kina Kaberia, na mawili kwa sisi wa Embu, ambayo nakataa.

Miezi mitatu baadaye Kaberia alinipigia simu. Hakuniomba niende. Alisema tu kwamba anaruka tena peke yake, Alhamisi, saa tatu. Nilivaa viatu vizuri nikaenda.

Sikuwa na ruhusa ya kuingia, kwa hiyo nilisimama nje ya seng'enge mpya, upande wa Mzee M'Ikiugu. Mwalimu mpya alikuwa pale nilipokuwa nikisimama mimi, na redio. Upepo ulikuwepo. Niliutazama kwenye migomba iliyobaki na sikuupenda.

Kutua kwa kwanza, pua ilianza kwenda kushoto. Nilishika waya wa seng'enge, kitu ambacho siwashauri. Ilikwenda kidogo, ikasita, ikarudi katikati na kukaa hapo, imenyooka, mpaka mwisho wa njia. Mwalimu mpya hakuwa ameinua redio.

Kaberia aliirudisha ndege taratibu mpaka sambamba nami, injini ikinguruma chini chini, akafungua kidirisha.

"Madam! Umeona?"

"Nimeona. Umechelewa kidogo na mguu."

"Kidogo?"

"Kidogo."

"Nimebakisha mbili. Utangoja?"

Nilimwambia nina ng'ombe wa kukamua. Akacheka, akafunga kidirisha, akaenda.

Nilianza kutembea kuelekea barabarani katikati ya migomba. Nilimsikia akiruka. Nilimsikia akizunguka juu ya Tharaka na kurudi. Nilikuwa nimefika nyumbani kwa Mzee M'Ikiugu niliposikia magurudumu yakigusa changarawe nyuma yangu, na upepo ukapita juu ya majani yote kwa pamoja. Mke wa Mzee alikuwa uani akianika mahindi. Aliinua kichwa, akaniuliza kama huyo aliyetua amesimama.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Mimi naenda Embu."

Sikugeuka kutazama.